Kitufe cha Kutolea Maiti

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na keki. Jina langu kwenye keki lilikosewa, na katika chumba kilichojaa wapimaji wa programu hakuna aliyeliona kosa hilo mpaka kisu kilipokwisha kupita. Mimi nililiona nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshastaafu tangu mchana na makosa hayakuwa kazi yangu tena. Baadaye mmoja wenu akaniomba niandike maneno machache ya kuwatia moyo walioajiriwa karibuni. Maneno ninayo. Moyo mtautafuta wenyewe.

Niliianza kazi hii kabla haijawa na jina hapa Mombasa. Nilikuwa msichana wa Kibokoni niliyejua kupiga chapa, na marehemu Bwana Yusuf, aliyekuwa na duka la kuuza na kutengeneza kompyuta pale Makadara, alikuwa ameanza kuwaandikia programu wenye maduka wenzake. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Ngazi zilikuwa za mbao na nyembamba, hata mteja mnene alilazimika kupanda kwa ubavu. Bwana Yusuf alinipokea mwenyewe, akaniagizia chai, akasema, "Bi Rukia, kazi yako ni kumsaidia Bwana Mutua kuangalia kama hizi programu zafanya kazi." Nilidhani ni kazi ya kuwasha na kuzima.

Bwana Mutua alikuwa Mkamba aliyeletwa Mombasa na reli akiwa karani, na reli ilipopunguza watu akabaki. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alivaa tai kila siku katika joto la mji huu bila mtu yeyote kumlazimisha. Asubuhi yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya programu ya duka la mchele na mafuta, akaniambia niijaribu. Niliingiza gunia moja la mchele, nikaliuza, risiti ikatoka. Nikamwambia iko sawa.

"Umeijaribu kama mgeni aliyekaribishwa chakula," akasema. "Umekula ulichopewa, ukasifu. Sasa ijaribu kama wifi aliyekuja kukagua jiko la mke wa kaka yake."

Hapo nikamwelewa, maana mawifi ninao. Niliuza mchele ambao haukuwa ghalani. Niliandika jina la mteja mahali pa bei. Nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili kwa hasira, kama anavyofanya mwenye duka akiwa na foleni. Programu ikafa. Bwana Mutua alitabasamu, na kwa wiki ile sikumwona akitabasamu tena.

Hiyo ndiyo kazi yote, na msikubali mtu awafunge kamba kwa maneno makubwa. Programu imeahidi kufanya jambo fulani. Wewe unaangalia kama inalifanya. Unaangalia kwa mtu anayeijua na kwa asiyeijua, kwa aliyetulia na kwa mwenye kiwewe. Kila jaribio tuliliandika kwenye karatasi: nani anaitumia, anataka nini, na programu ijibu nini. Bwana Mutua aliongeza swali moja ambalo sijaliona kwa mpimaji mwingine tangu hapo: kwa nini ana haraka? Alisema mtu asiye na haraka hawezi kuivunja programu, na wala programu haiwezi kumvunja yeye. Mwanzoni nililiona swali la kizee. Nililijaza kwa kumridhisha tu.

Ugumu wa kazi haukuwa kwenye kompyuta. Mimi nimelelewa mjini ambamo kusitiri aibu ya mwenzio ni ibada. Ukimwona jirani kakosea, unafunika. Mungu naye atakufunika. Kisha nikaajiriwa kutafuta makosa ya watu na kuyasema mbele ya tajiri wao. Kijana mmoja mwandishi wa programu aliacha kuniitikia salamu Ramadhani nzima kwa sababu nilimwonyesha kwamba hesabu yake ya akiba ya ghalani ilikuwa inakwenda kinyume. Mamangu alipata habari, akaniuliza kama kweli nalipwa kwa kuumbua watu. Nilimjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akasema methali haikutungwa ili wasichana wapate ajira.

Ramadhani hiyohiyo ndiyo niliyopata kisa changu cha kwanza kigumu. Mkahawa mmoja wa Makadara ulikuwa unafunguliwa baada ya magharibi na kufungwa wakati wa daku. Programu ilikataa. Ilidai duka haliwezi kufungwa saa iliyo nyuma ya saa ya kufunguliwa, na mauzo yote ya baada ya saa sita za usiku yalikuwa yakipotea yasijulikane yalipokwenda. Kijana aliyeiandika alisema hakuna duka la namna hiyo duniani. Bwana Mutua, Mkristo ambaye hakupata kufunga hata siku moja, alimketisha kijana huyo wa Kiislamu, aliyekuwa amefunga wakati huo huo, akamweleza Ramadhani ya Mombasa ikoje usiku. Kijana alijua yote. Ila alipokaa mbele ya kompyuta aliyaacha nyumbani, kama anavyoacha viatu mlangoni.

Likumbukeni hilo, kwa sababu nimeliona miaka yangu yote. Watu hawakosei kwa kutojua. Hukosea kwa kudhani kwamba wanayoyajua hayahusiani na kazi.

Karatasi zikaenda, yakaja majedwali, kisha ukaja mfumo wa tiketi, ambamo kila hitilafu unayoandika hupewa nambari na hali yake: wazi, inashughulikiwa, imefungwa. Neno "imefungwa" nililichukia tangu siku ya kwanza. Zamani hitilafu ikiisha, mwenye programu alikuja mezani kwako akakuonyesha. Sasa ilifungwa na mtu usiyemwona, bila kurekebishwa, na ukiuliza unaambiwa angalia tiketi. Mimi sina ugomvi na mitambo. Nina ugomvi na mlango unaofungwa kutoka upande mmoja.

Bwana Yusuf alifariki nyumbani kwake Kizingo, alfajiri. Kabla ya alasiri alikuwa keshazikwa. Bwana Mutua alifunga ofisi, akalifuata jeneza kwa miguu akiwa na tai yake, akasimama kwenye lango la makaburini mpaka mtu wa mwisho alipotoka. Aliniambia kesho yake kwamba kwao maiti hukaa hata wiki mbili wakingojewa ndugu na kuchangiwa gharama, na kwamba alipofika Mombasa akiwa kijana haraka yetu ilimtisha. "Sasa naielewa," alisema. "Hamtaki alale peke yake." Sijapata kusikia mtu wa kwetu akilisema vizuri hivyo.

Kampuni ikashikwa na mwanawe, Nadim. Msinielewe vibaya: Nadim si mtu mbaya. Ni kijana wa mji huu, amesoma ng'ambo, anaswali, anawaamkia wazee. Alitutoa Makadara akatupeleka kwenye jengo lenye lifti, na akaacha maduka ya mchele akatafuta wateja wakubwa. Ndipo tulipopata hospitali.

Ilikuwa hospitali ya binafsi hapa kisiwani; jina lake silitaji. Walitaka kila kitu kiwe ndani ya kompyuta, tangu mgonjwa anapoingia mlangoni mpaka anapotoka, na wengine, kama mjuavyo, hutokea mlango mwingine. Tuligawana sehemu za kupima. Mapokezi yalipata mtu, maabara ikapata mtu, dawa zikapata mtu. Sehemu ya chumba cha maiti haikutakiwa na yeyote. Ili uipime ilibidi uandike jina la mtu, umlaze, kisha umuue kwenye skrini. Nani angeandika jina? Wasichana walisema ni uchuro. Mmoja alijaribu kubuni jina, akakumbuka ana shangazi wa jina hilohilo, akalifuta huku akisoma dua. Nami pia nilikataa, nisijifanye shujaa.

"Leteni," akasema Bwana Mutua. "Nitatumia langu."

Basi kwa wiki nzima Bwana Mutua alikuwa akifa. Alikufa wodini, alikufa chumba cha upasuaji, alifika akiwa keshakufa. Alikuwa anatupita mezani akisema, "Nimefariki tena, nakwenda kunywa chai." Tulicheka, na waliokuwa wakisoma dua wakaacha. Siku moja hakucheka. Aliniita.

"Bi Rukia, tazama. Nimekufa asubuhi. Daktari ameandika. Ndugu ametia sahihi. Kila kitu kimekamilika. Sasa nataka kutoka."

Kitufe cha kutoa maiti kilikuwa kijivu. Ukikibonyeza hakisemi kitu. Tulitafuta sababu mpaka tukaipata: mfumo ulikuwa haumwachi maiti mpaka faili lake lifungwe, na mafaili yote ya hospitali yalifungwa kwa pamoja, usiku, siku inapofungwa. Maana yake ni kwamba aliyekufa asubuhi hawezi kutoka mpaka kesho yake. Hapakuwa na njia ya pembeni. Zamani karani wa dirishani aliandika kikaratasi, na watu wakaondoka na maiti wao. Sisi tulikuwa tumekuja na kompyuta kuliharibu jambo lililokuwa likienda vizuri.

Bwana Mutua aliiandika hitilafu hiyo. Kwenye swali lake la haraka aliandika: kwa sababu kaburi liko tayari. Asubuhi iliyofuata tiketi ilikuwa imefungwa. Nadim alikuwa ameandika chini yake kwamba programu inafanya kazi kama ilivyoandikwa kwenye mahitaji, na mahitaji yametiwa sahihi na mteja. Bwana Mutua akaifungua tena. Ikafungwa. Nikaifungua mimi. Ikafungwa. Nikamwendea Nadim ofisini kwake.

"Bi Rukia, mamangu, nakuelewa," alisema. "Lakini hiyo si hitilafu. Hospitali ndiyo iliyotaka mafaili yafungwe usiku ili mtu asije akayachezea. Wametia sahihi. Mimi nibadilishe mkataba kwa sababu Mzee Mutua ameona huruma?"

"Wao hawakujua kama hilo lawafunga hata maiti," nikamwambia.

"Basi watajua, watatuita, tutabadilisha. Kila kitu kina wakati wake."

Hapo Nadim alisema jambo ambalo vitabu vyenu vya upimaji vinalikubali. Programu ilifanya kile kilichoandikwa. Ukipima kwa maandishi tu, imepita, na alama ya kijani unapewa. Nawaandikia haya ili mjue kwamba alama ya kijani na haki ni vitu viwili, na kwamba mtakutana na watu wazuri wasiojua tofauti yake.

Kabla ya kukabidhi mfumo ulifanyika mkutano. Wakubwa wa hospitali walikuja, wakaketi upande mmoja wa meza, Nadim akawaonyesha ukutani orodha ya majaribio, yote kijani. Alipomaliza, Bwana Mutua akasimama.

"Liko moja halijapita," akasema, akaeleza.

Mkubwa wa hospitali alimsikiliza kwa adabu. Kisha akasema haoni tatizo, kwani maiti wao wengi husafirishwa bara na hukaa siku kadhaa hata hivyo.

"Mimi ni wa bara, mheshimiwa," akasema Bwana Mutua. "Ni kweli, sisi hukaa nao. Lakini hapa ni Mombasa."

"Mzee Mutua, hilo tumeshalifunga," akasema Nadim, bado akitabasamu.

Bwana Mutua akamgeukia. Hakupandisha sauti. "Nadim, babako alizikwa lini?"

Nilitamani sakafu inimeze. Kila mtu chumbani alijua Bwana Yusuf alizikwa siku ile ile. Nadim alikusanya makaratasi yake polepole. "Baba alifia nyumbani," alisema, na mkutano ukaisha.

Kesho yake Bwana Mutua alipigwa kalamu. Sababu iliyotolewa ni kumkosea heshima mteja, na mteja alikuwa hajalalamika. Miaka yake yote, kuanzia zile ngazi za mbao, ikatiwa kwenye sanduku moja la karatasi pamoja na kikombe chake na tai ya akiba. Nilipomwendea Nadim kumwombea, macho yake yalikuwa mekundu.

"Alinivua nguo mbele za watu," aliniambia. "Kwa baba yangu, Bi Rukia. Kwa baba yangu."

Na mimi, binti wa Kibokoni, nilimwelewa, na hilo linaniudhi mpaka leo. Kosa la programu lingeweza kusamehewa. Kukosa sitara hakukusamehewa. Nilitakiwa nitie sahihi kwenye ripoti ya majaribio mahali pa Bwana Mutua, nikakataa. Msinipongeze, maana haikusaidia kitu. Nadim aliisaini mwenyewe.

Mfumo ulipoanza kutumika, wapimaji tuliwekwa hospitalini siku za mwanzo tuwashike mkono makarani. Sehemu ya maiti haikuwa na mtu wa kukaa nayo, kwa sababu aliyeyajua mambo yake alikuwa nyumbani. Nikapelekwa mimi. Nilikaa nyuma ya dirisha pamoja na karani nikiomba Mungu awape wagonjwa wote afya, dua ambayo haikuwa ya ukarimu mtupu.

Asubuhi ya siku ya tatu dirishani akaja Bi Saumu. Ni jirani yangu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mamake alikuwa amelazwa. Aliponiona uso wake ulilegea kwa faraja.

"Bi Rukia, alhamdulillahi wewe upo," alisema. "Mama katutangulia. Waosha washafika nyumbani, maji yashatekwa, wanaume washakwenda kuchimba. Waambie watupe tuondoke, azikwe adhuhuri."

Nilimpa pole. Karani alikuwa ameshajaza kila kitu, na kitufe kilikuwa kijivu.

"Bado haijakubali," akasema karani.

"Nani hajakubali?"

"Kompyuta."

Bi Saumu akanitazama mimi. "Kompyuta yataka nini? Daktari ashatia sahihi. Kakangu ashatia sahihi. Yataka na mimi nitie?"

Nilitoka nje nikampigia Nadim. Nilimwambia yuko maiti hapa, na watu wake wamesimama, afunge siku sasa hivi ili faili lifungwe.

"Siwezi," alisema. "Nikifunga siku nafunga mafaili ya wagonjwa wote. Walio kwenye upasuaji, wanaotiwa damu. Wataka niwapoteze walio hai kwa ajili ya aliyekufa?"

Alikuwa anasema kweli, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Jambo likijengwa vibaya tangu msingi, hufika mahali ambapo hata kulikosoa ni kosa. Nikamwendea mkubwa wa hospitali nikamwomba arudishe vile vikaratasi kwa leo tu. Alinijibu kwamba walinunua mfumo ili watu wasipite tena mlango wa nyuma, na mlinzi wa chumba cha maiti ameamriwa asipokee kitu ila karatasi iliyotoka kwenye mashine. Alisema anasikitika. Nilirudi dirishani na masikitiko yake.

Sikujua kumdanganya Bi Saumu. Nilimwambia itakuwa kesho.

Kwanza hakunielewa. Kisha akashika kingo za dirisha. "Mamangu hakupata kulala nde ya nyumba yake tangu aolewe," alisema. "Hata tukijifungua yeye ndiye awekao watu kwake. Leo yuwalala kwenye friji, nami nina nyumba? Nikawaambie nini waosha? Nikawaambie nini?"

Kakake alimshika mabega akamtoa. Adhuhuri ilipita, alasiri ikapita. Kaburi lililokuwa wazi lilifunikwa kwa mabati. Pale Kibokoni wanawake walikaa na sanda, pamba na kafuri mbele yao, na hawakuwa na wa kumwosha. Alizikwa kesho yake.

Nilikwenda kutoa pole, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa. Bi Saumu alinipokea vizuri, akanipa nafasi mkekani. Nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka ukumbini, tukabaki wawili.

"Nakuuliza, unambie kweli," alisema. "Haya mlikuwa mwayajua?"

Ningeweza kusema sikujua. Ningeweza kumtaja Nadim. Nilimwambia tulijua, tukasema, hatukusikizwa.

"Mlijua," akarudia taratibu. "Mlijua, na asubuhi ukavaa buibui lako ukaja ukakaa pale dirishani."

Jibu lake nimelitafuta miaka yote.

Nadim alirekebisha kitufe ndani ya wiki. Haikuwa kazi kubwa: faili moja liweze kufungwa peke yake. Hakuna aliyeifungua ile tiketi yetu. Iliandikwa mpya, na haikuitwa hitilafu. Iliitwa huduma mpya. Miezi michache baadaye Nadim aliionyesha kwenye mkutano wa wateja katika hoteli, akaieleza kuwa ni mfano wa kampuni inayoheshimu mila za pwani, na watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na sambusa yangu. Hospitali nyingine ziliununua mfumo wetu kwa ajili ya kipengele hicho.

Bwana Mutua hakuitwa. Nilimpata katika chumba alichopanga Tudor, anafunga mizigo aende kwao. Nikamsindikiza mpaka Mwembe Tayari. Tulisimama kando ya basi la Machakos katikati ya wauza maji na karanga, naye amevaa tai, na mimi nikaona nimpe habari njema ya kuondokea.

"Kitufe kinafanya kazi sasa," nikamwambia. "Mtu akifa asubuhi anatoka."

"Umekijaribu mwenyewe?"

"Kwa jina langu."

Akaitikia kwa kichwa. "Na yule mama?"

"Alizikwa kesho yake."

Bwana Mutua aliangalia mizigo yake ikipandishwa juu ya basi. "Basi haikupita, Bi Rukia," alisema. "Wakikuuliza, sema haikupita." Akapanda.

Yaliyofuata mnayajua, kwa kuwa mlikuwepo wengi wenu. Majaribio sasa yanajiendesha, mnaweka mkono shavuni mnatazama kijani ikishuka kwenye skrini. Ni kazi nzuri na mnaifanya vizuri. Nilibaki kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, na kwa sababu nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba nikikaa halitatokea tena. Makosa mengine mengi nimeyakamata. Hakuna anayekuja kumshukuru mtu kwa msiba ambao haukutokea. Nadim siku ya kuniaga alinisifu sana, akanishika mkono kwa mikono miwili, na ninaamini alisema kweli yote aliyokuwa nayo.

Wiki iliyopita palikuwa na hitima mtaani kwetu. Nilikwenda, nikaketi na wanawake wenzangu. Bi Saumu ndiye aliyekuwa akipitisha kahawa. Sisi huamkiana, hatujapata kugombana. Hunipa changu kama awapavyo wengine. Mwenye nyumba akataka kunikirimu kwa maneno, akatangaza, "Bi Rukia ashastaafu. Hendi tena kazini."

Bi Saumu aliweka kikombe mbele yangu, akahakikisha kimekaa sawa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa tutazikana."